Pampu iliyojiwasha alfajiri: kisa cha msimbo uliohamishwa bodi

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Mombasa, katika kikundi cha mafundi, wanafunzi na wapenzi wa elektroniki. Huwa tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, na siku nyingine tunapeana misimbo na ushauri kwa simu. Mtaa, majina na baadhi ya vipimo nimevibadilisha kwa makubaliano na wenyewe. Wahusika wakuu nitawaita Fundi, Binti na Bi Mkubwa. Mimi nami nimo, tena si mahali pa kujivunia.

La lugha kwanza. Maagizo ya programu yanayoendesha bodi, kikundini hatuyaiti "msimbo", twayaita "kodi". Hapa nitaandika msimbo kwa sababu kisa ni cha nyumba ya kupanga, na Bi Mkubwa alipomsikia Binti akilalamika kwenye simu kwamba kodi imekataa kuingia, aliuliza kwa upole, "Ya mwezi gani?"

Usuli

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wa maji matamu. Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, tena huja kwa zamu, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Ndiyo maana nyumba ya orofa nne kama ya Bi Mkubwa huwa na tangi chini ya ardhi la kupokea maji siku ya zamu, tangi juu ya paa la kugawia wapangaji, na pampu ya kupandisha kutoka hili hadi lile. Kazi ya kuwasha na kuzima pampu alikuwa nayo mlinzi. Akisahau kuwasha, wa orofa ya juu wataamka hawana maji ya kutawadha. Akisahau kuzima, maji yatateremka ukutani hadi barabarani, na penye watu wanaonunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni, maji ya kumwagika hivyo huleta maneno.

Binti ni mwanafunzi wa chuo, mpangaji wa orofa ya tatu pamoja na dada yake. Alijitolea kuimaliza kazi hiyo kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja iliyo kwenye bodi. Bi Mkubwa akamwambia, "Mwanangu, ukinipumzisha na zogo la maji, mwezi mmoja sikudai."

Msimbo ulikuwapo tayari. Fundi, mtu mzima anayetengeneza redio na friji, alikuwa ameuandikia nyumba yake mwenyewe kwa bodi ya Arduino Uno. Kihisi cha HC-SR04 kinakaa chini ya mfuniko wa tangi la juu, kinapiga sauti isiyosikika, kinangoja mwangwi, na kutokana na muda wa mwangwi msimbo unapata umbali hadi kwenye maji. Umbali ukizidi sentimita 150, pampu iwake. Ukipungua chini ya 30, izime. Kati ya hapo, iachwe kama ilivyo. Rilei, swichi ndogo inayoamrishwa na bodi, inavuta kontakta, swichi kubwa, na kontakta ndiyo inayobeba stima ya pampu.

Fundi alikuwa ameongeza mambo mawili kutokana na uzoefu, na kisa chote kimo humo. Kwanza, mwangwi usiporudi msimbo hupata sifuri. Yeye alishaona sifuri za kubahatisha zikimzimia pampu ovyo, basi akaamua zipuuzwe. Pili, kwa kuwa stima hupotea, alikuwa akiihifadhi hali ya pini ya rilei (mguu wa bodi ulioungwa na rilei) kwenye EEPROM, ile kumbukumbu ndogo isiyofutika umeme ukikatika, ili stima ikirudi pampu iendelee ilipoachia. Rilei yake ni ya ile aina inayowaka volti ya pini ikishuka, kwa hiyo 0 maana yake pampu inafanya kazi na 1 maana yake imezimwa. Kwake mtambo huo ulipita kaskazi mbili na kusi mbili bila kelele.

Baadaye alimpa rafiki, rafiki akampa mwingine. Njiani mtu mmoja aliyafuta maelezo ya Fundi yaliyokuwa katikati ya mistari ili msimbo uonekane mfupi kwenye skrini ya simu. Mwingine aliliondoa jina lake, sijui kwa nini. Ulipomfikia Binti, ulikuwa mistari mitupu: haujulikani ni wa nani wala ni wa bodi gani.

Siku kumi na moja za furaha

Binti alinunua bodi nyingine, ESP32. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo: ina Wi-Fi ndani yake, na alitaka Bi Mkubwa aweze kuona kiwango cha maji kwenye simu bila kupanda paani. Kwa Uno angehitaji kifaa kingine cha kununua.

Msimbo ulikompaili (yaani uligeuzwa kuwa lugha ya chipu) bila kosa, ukapakiwa, na bodi ikaanza kujizima na kujiwasha mfululizo. Saa tatu usiku akatuma ujumbe: "Kodi ya pampu inakataa, naombeni msaada." Majibu yalimiminika. Badilisha kebo. Bodi feki hiyo. Chaja yako haina nguvu. Mimi niliandika, "Ni waya, dada. Bana vizuri." Nilikuwa nakula, sikuwa nimefungua hata picha aliyotuma.

Ilikuwa karibu saa sita ndipo kijana mmoja, nitamwita Kijana, alipouliza maneno mawili: "Bodi gani?" Aliposikia ESP32 akaelewa papo hapo. Fundi alitumia pini 7 na 8. Kwenye Uno hizo ni pini za kawaida. Kwenye ESP32, pini 6 hadi 11 zimeunganishwa na chipu ya kumbukumbu inayobeba programu yenyewe, na ukiigusa mojawapo ni kama kuukata mti ulioukalia. Binti akahamia pini 18 na 19, bodi ikatulia, hongera zikafuatana mpaka watu wakalala.

Sote tulidhani ugeni wa bodi umeishia kwenye namba za pini.

Jumamosi mtambo ukafungwa. Sanduku liliwekwa paani karibu na tangi, na waya mrefu ukashuka hadi kwa kontakta chini ya ngazi. Waya wa mwangwi uliingia pini 19 moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwa Fundi. Na Fundi hakukosea, kwa sababu Uno hufanya kazi kwa volti 5 na kihisi hurudisha volti 5. Pini za ESP32 zimetengenezwa kwa volti 3.3. Ubaya wa kosa hili ni kwamba mara nyingi pini haifi siku hiyo. Inaweza kuvumilia siku nyingi, na wewe ukazidi kuamini kwamba hakuna tatizo.

Kwa siku kumi na moja Bi Mkubwa alikuwa akiwaonyesha wageni simu yake.

Alfajiri ya Jumatano

Usiku wa kuamkia Jumatano stima ilipotea, ikarudi kama saa tisa. Pampu ikajiwasha. Saa kumi na moja waliokuwa wakielekea msikitini walikuta maji yanatiririka ukutani na kukatiza barabara, na kutoka chini ya ngazi kuna harufu ya mpira unaoungua. Tangi la juu limefurika, la chini limekauka, na pampu inazunguka kavu. Mlinzi alikata swichi kubwa.

Sili ya pampu iliharibika, mota ikanusurika. Siku mbili nyumba nzima ilinunua maji ya mkokoteni. Binti hakushuka ngazi mpaka adhuhuri ilipopita.

Kikundini maneno yalianza asubuhi hiyohiyo, na nusu yake yalikuwa ya kumlaumu: angejua, angesoma, angeuliza. Kuuliza aliuliza. Ujumbe wake wa saa tatu usiku ulikuwa bado upo pale juu, na jibu langu la waya chini yake.

Kwa nini pampu haikuzima

Jumamosi tuliiweka bodi mezani na msimbo tukauchapisha kwenye karatasi. Fundi aliletwa na mtu aliyekumbuka kwamba zamani aliwahi kuona kitu kama hicho kwake. Mwenyewe hakuwa na habari kwamba msimbo wake ulikuwa umefika huko.

Pini 19 ilikuwa imekufa. Msimbo ulikuwa unangoja mwangwi, hauupati, unarudisha sifuri, na sifuri zinapuuzwa. Kihisi kilikuwa kipofu na hakuna aliyeambiwa. Kwenye simu ya Bi Mkubwa kiwango kilisimama namba ileile tangu magharibi ya Jumanne. Aliiona. Alidhani wapangaji wameanza kubana matumizi, akafurahi.

Hilo peke yake lingeiacha pampu ikiwa imezimwa. Kilichoiwasha ni EEPROM. Uno ina EEPROM ya kweli ya kilobaiti 1 ndani ya chipu yake, ukiandika, imeandikwa. ESP32 haina. Maktaba (mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa) yenye jina hilohilo huiigiza kwa kutumia sehemu ya kumbukumbu ya programu, na inataka kwanza uite EEPROM.begin na kuitajia ukubwa, kisha kila ukiandika uite EEPROM.commit ndipo maandishi yahifadhiwe. Usipoita begin, kuandika hakuendi popote na kusoma kunarudisha 0. Hupati kosa la kukompaili, kwa kuwa majina ya amri ni yaleyale. Na 0, kwa hesabu ya Fundi, ni pampu inafanya kazi.

Hapa Fundi mwenyewe alishika kichwa. EEPROM ya Uno mpya isiyowahi kuandikwa hutoa 255. Hiyo si 0, kwa hiyo kwake pampu ingeanza ikiwa imezimwa. Uno ilimwangusha upande wa salama, ESP32 ikamwangusha Binti upande wa hatari, na hakuna kati yao aliyechagua.

Ina maana katika zile siku kumi na moja, kila stima ilipopotea na kurudi pampu iliwaka bila kuhitajika. Hakuna aliyegundua, kwa sababu kihisi kilikuwa hai na kiliizima tangi lilipojaa. Makosa mawili yaliishi nyumba moja kwa amani mpaka la tatu lilipobisha hodi.

Na la tatu? Msimbo haukuwa na kikomo cha muda. Hakuna mstari uliosema kwamba pampu ikivuta zaidi ya muda fulani basi kuna jambo, izime. Hilo halihusiani na bodi yoyote. Fundi alilikubali bila kuzungushwa: "Hata kwangu, kihisi kingekufa pampu ikiwa inavuta, ningeamka baharini."

Maamuzi ya kutengeneza

Sili ilinunuliwa kwa mchango. Fundi alitoa zaidi ya wote ingawa hakuna aliyemdai, na tulipomwambia apunguze alikataa.

Uamuzi ninaouona bora kuliko yote haukutoka kikundini. Bi Mkubwa alisema chombo kinaweza kurudi juu ya paa lake kwa sharti moja: "Wekeni na kingine kisichofikiri." Fundi wa mabomba aliyekuwa anafunga sili akacheka, akasema alishangaa tangu mwanzo hakuona boya. Basi swichi mbili za boya zikafungwa, moja tangi la juu inayokata maji yakipita kiwango, nyingine tangi la chini inayokata yakiisha, zote zikiwa kwenye njia ya umeme wa koili ya kontakta. Bodi ikitaka pampu iwake na boya limekata, haiwaki. Hakuna msimbo unaoweza kulipita boya. Tulikuwa na watu wawili wenye shahada mezani na hakuna aliyelitaja.

Waya wa mwangwi ulipata vigawanya volti. Duka tulilokwenda halikuwa na rizista za kilo-omu 2, tukatumia tatu za kilo-omu 1: moja juu, mbili chini zikifuatana, na pini ikachukua kati yake. Volti 5 zikawa 3.3. Gharama yake haifiki bei ya andazi.

Msimbo ndio uliotugombanisha. Kijana alitaka uwe mmoja kwa bodi zote, wenye sehemu za masharti: ukikompaili kwa Uno unachukua vipande vya ARDUINO_ARCH_AVR, kwa ESP32 unachukua vya ARDUINO_ARCH_ESP32. Nilimuunga mkono. Hoja yetu ilikuwa kwamba faili likiwa moja, kosa litasahihishwa mara moja na kila mtu atafaidika. Akaandika, akaongeza kikomo cha dakika 20, akajaribu kwenye ESP32 yake, ikaenda vizuri. Juu kabisa akaandika kwamba ni ya bodi zote.

Fundi akaipeleka kwake. Kesho yake akapiga simu: pampu inawaka, inahesabu kidogo, inazima. Alipima kwa saa. Sekunde 20.

Msomaji anayejua Uno ameshatabasamu. Kikomo kiliandikwa hivi:

int muda = 1200000;

Dakika 20 ni milisekunde 1,200,000. Kwenye ESP32, int, aina ya namba nzima, ina biti 32 na namba hiyo inaingia kwa raha. Kwenye Uno, int ina biti 16, na kubwa inayoweza kubeba ni 32,767. Namba ikizidi, biti za juu hukatwa: toa 65,536 mara 18 kutoka 1,200,000 na unabaki na 20,352. Milisekunde 20,352 ni sekunde 20 na ushei. Kwamba dakika 20 ziligeuka sekunde 20 ni sadfa ya hesabu tu, ila ilitufanya tupoteze jioni nzima tukitafuta mahali ambapo mtu aliandika sekunde badala ya dakika. Kompaila huliona jambo hili, lakini programu ya Arduino, usipobadilisha mipangilio, huyaficha maonyo na kuonyesha makosa peke yake. Dawa ilikuwa kuandika unsigned long, aina inayobeba namba kubwa zaidi, badala ya int.

Fundi hakugombana kuhusu int. Aligombana kuhusu mstari wa juu. "Mmeandika ni ya bodi zote. Nani ameijaribu kwenye yangu?" Tukanyamaza. Mtu mzima akiuliza swali la namna hiyo huku amekushikia kikombe cha kahawa, huna pa kutazama.

Toleo lililobaki limegawanywa. Faili moja lina uamuzi wa pampu peke yake: linapewa umbali na saa ya sasa, linarudisha washa au zima. Halijui pini wala volti. Kila bodi ina faili lake dogo linalojua namna ya kusoma kihisi na kuamrisha rilei ya bodi hiyo. Sifuri hazipuuzwi tena. Tano zikifuatana, pampu inazimwa na kengele inalia. Na EEPROM tuliitupa. Stima ikirudi, pampu huanza ikiwa imezimwa na hungoja vipimo vitatu vinavyokubaliana kabla ya kuamua lolote. Kijana alikuwa ameshaandika namna nzuri ya kuihamisha EEPROM kwenye bodi tatu, akaumia kuona inafutwa. Lakini tangi lina kihisi: mtambo ukitaka kujua hali ya maji, utazame maji. Haukuwahi kuhitaji kukumbuka.

Kengele nayo ilileta kisa kidogo. Mwenzetu mmoja alishindwa kuikompaili ilhali bodi yake ni ESP32 ileile. Alikuwa na toleo la 3.0 la programu za ESP32 kwa Arduino, la mwaka 2024, ambalo liliondoa amri za ledcSetup na ledcAttachPin na kuweka ledcAttach. Kumbe hata bodi moja si moja. Tangu hapo namba ya toleo inaandikwa.

Matokeo

Mtambo umerudi paani na unafanya kazi. Miezi kadhaa baadaye miguu ya HC-SR04 ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa mvuke wa tangi na hewa ya chumvi, tukaweka kihisi kingine, JSN-SR04T, ambayo kichwa chake hakiingii maji. Hiyo haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 na kidogo, basi tuliipandisha juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba. Boya la juu limeshakata mara moja. Bi Mkubwa ndiye aliyetueleza kwamba boya limefanya kazi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Binti alisamehewa mwezi mmoja. Anausimamia mtambo mwenyewe sasa, na swali lake la kwanza kwa mgeni yeyote kikundini ni "Bodi gani?"

Uchambuzi

Kuna waliosema funzo ni kila mtu atumie bodi moja. Siafiki. Mombasa unanunua kilichopo dukani, au unangoja kifurushi cha basi la usiku kutoka Nairobi, au unatumia alichoacha kaka yako. Mchanganyiko wa bodi ndio hali yetu. Kikundi kinachosaidia wenye bodi moja tu kingekuwa kimemfukuza Binti siku ya kwanza.

Waliomlaumu yeye nao nawapinga. Kosa la pini 7 lilijitangaza lenyewe kwa bodi kujizima. Kosa la volti, la EEPROM na la int hayakutoa sauti. Mtu mpya hawezi kuuliza kuhusu asichojua kwamba kipo. Anayejua ndiye wa kuuliza, na sisi tuliojua tulikuwa na haraka ya kujibu. Nikiyasoma upya majibu ya usiku ule naona kila mmoja alitoa ugonjwa aliowahi kuugua mwenyewe. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimeteswa na waya uliolegea.

Kufutwa kwa maelezo ya Fundi kuligharimu kuliko nilivyodhani. Kwenye faili lake la asili, tulilolikuta kwenye kompyuta yake ya zamani, mstari wa sifuri uliandikwa pembeni: mwangwi haukurudi, puuza, angalia waya. Na mstari wa EEPROM: 0 ni WASHA, angalia rilei yako. Binti angeusoma huo wa pili angesita. Na jina lake lingekuwapo, angempigia simu. Wengine walilichukua suala la jina kama heshima na haki ya mwandishi, na ni kweli, lakini hapa lilikuwa pia njia ya kumfikia mtu pekee aliyejua sababu ya kila mstari.

Namna ya kutumiana ilichangia pia. Msimbo ulikuwa ukibandikwa kama ujumbe wa kawaida, na simu nyingine hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, kisha kompaila inalalamika "stray '\342' in program" na mgeni anachanganyikiwa usiku kucha. Sasa tunatuma faili zima.

Jaribio ndilo lililotuponyoka kabisa. Mtambo wa Binti ulijaribiwa mchana, stima ikiwapo, kihisi kikiwa kizima. Hakuna aliyekata umeme makusudi, hakuna aliyechomoa waya wa kihisi aone kitakachotokea. Majaribio hayo mawili yangechukua dakika tano na yangeonyesha kosa la EEPROM na ukosefu wa kikomo bila tone la maji kumwagika. Kwa hiyo juu ya kila faili la bodi sasa kuna sehemu ya kujaza: bodi gani, toleo gani, volti za kihisi, picha ya waya, nani amejaribu, na amekata stima mara ngapi. Bodi ambayo haijajaribiwa haiandikwi, hata kama msimbo unakompaili.

Lililofanya kazi tangu mwanzo ni kwamba watu walikuwa tayari kufungua sanduku mbele ya wenzao. Fundi angeweza kusema si wangu, jina halikuwapo. Kijana angeweza kuificha int.

Bado kuna shimo. Faili la Uno linategemea mtu mmoja, na macho ya Fundi si yale ya zamani. Anapokuwa na kazi nyingi za friji, mabadiliko ya faili la uamuzi hukaa wiki tatu bila kujaribiwa kwenye Uno, na wenye Uno hulalamika kwamba wanaachwa nyuma. Hatujapata suluhisho.

Jumamosi iliyopita mwanafunzi mmoja alileta faili jipya la bodi ya Raspberry Pi Pico. Limeandikwa vizuri, mwangwi umegawanywa volti kwa kuwa Pico nayo ni ya 3.3, namba ya toleo ipo, picha ipo. Fundi alivaa miwani, akasoma taratibu hadi mstari wa mwisho.

"Stima umekata mara ngapi?"

"Mara moja, ami."

Fundi akamrudishia simu yake, akanyosha kidole kwenye soketi iliyo ukutani, akaendelea na kahawa yake.